Viputo vya mafuta vyapunguza madhara ya dawa ya fangasi wa ubongo

KWA miaka mingi madaktari wanaotibu homa ya uti wa mgongo inayosababishwa na fangasi aina ya kriptokokasi wamelazimika kutegemea dawa ambayo yenyewe ni ya kuogopwa.

Ugonjwa huo huwashambulia zaidi watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi ambao kinga yao imeshuka sana. Dawa yenyewe, amfoterisini B, iligunduliwa katika miaka ya 1950. Huua fangasi kwa kutoboa utando wa seli zao, lakini huumiza pia figo za mgonjwa, hupunguza damu na kuleta homa kali yenye kutetemesha. Hutolewa kwa dripu kila siku, kwa wiki moja au mbili, huku damu ikipimwa mara kwa mara, kazi ambayo si kila hospitali inaimudu.

Nafuu imetokana na chembe ndogo mno ziitwazo liposomu. Hivi ni viputo vya mafuta vilivyoelezwa na mwanasayansi wa Uingereza, Alec Bangham, katika miaka ya 1960. Vile vinavyobeba amfoterisini vina upana usiofika nanomita 100, na nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Dawa hupachikwa kwenye ukuta wa kiputo, ikasafiri katika damu ikiwa imeshikiliwa humo na kuachiliwa zaidi pale kiputo kinapokutana na fangasi. Ajabu ni kwamba dawa ni ile ile. Kilichobadilika ni chombo tu.

Kwa kuwa figo huumia kidogo, mgonjwa anaweza kupewa miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito wake kwa mara moja, badala ya miligramu moja kila siku. Utaratibu huo, ukiambatana na vidonge vya flusitosini na flukonazoli kwa siku 14, ulijaribiwa kwa wagonjwa zaidi ya 800 nchini Uganda, Malawi, Botswana, Zimbabwe na Afrika Kusini. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2022 yalionyesha kuwa waliofariki katika wiki 10 walikuwa asilimia 24.8, ikilinganishwa na asilimia 28.7 kwa tiba ya wiki nzima. Tiba mpya, kwa hiyo, haikuwa dhaifu kuliko ya zamani, na madhara makali yalipungua. Mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani (WHO) liliipendekeza.

Kikwazo ni fedha. Mwaka 2018 kampuni ya Gilead ya Marekani ilitangaza bei nafuu ya dola 16.25 kwa chupa ya miligramu 50 katika nchi 116. Hata kwa bei hiyo, mgonjwa wa kilo 60 anahitaji chupa 12, yaani dola 195, kabla ya kuhesabu vidonge.

Aidha, mgonjwa mmoja kati ya wanne bado alifariki. Wengi hufika hospitali wakiwa wamechelewa, ndiyo maana WHO inataka wenye CD4 chini ya 100 wapimwe damu kutafuta dalili za fangasi hao kabla kichwa hakijaanza kuuma.