Programu yangu, dawa za Ukimwi na mkataba wa Marrakesh

Wasomaji wangu, leo naweka kibodi kando tuzungumze sheria. Msinikimbie, inatuhusu sisi watu wa kompyuta pia!

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inaihesabu programu ya kompyuta kuwa kazi ya fasihi, sawa na riwaya. Nilipoisoma mara ya kwanza nilicheka. Mimi, mwanafasihi? Kumbe wazo hilo limo katika kifungu cha 10 cha mkataba wa TRIPS, uliotiwa sahihi Marrakesh, Aprili 1994. Kila mwanachama wa Shirika la Biashara Duniani (WTO) anafungwa nao. Nchi zinazoendelea zilipewa hadi 1 Januari 2000 kurekebisha sheria zao.

Mkataba huohuo unaolinda programu yangu ulidai hataza za miaka 20, za dawa zikiwemo. Nasi Ukimwi ulikuwa unatumaliza; Rais Moi aliutangaza kuwa janga la kitaifa Novemba 1999. Dawa zenye nembo kubwa ziligharimu zaidi ya dola 10,000 kwa mgonjwa kwa mwaka. Februari 2001 kampuni ya Cipla ya India ikajitolea kuliuzia shirika la Madaktari Wasio na Mipaka kwa dola 350. Iliwezekana kwa sababu India ilikuwa na muda hadi 2005 kabla ya kulazimika kutoa hataza za dawa zenyewe.

Mwaka huohuo Bunge letu likapitisha Sheria ya Mali ya Viwanda, iliyofungua mlango wa kuagiza dawa halali za bei nafuu kutoka nje. Novemba, huko Doha, WTO ikakiri kwamba TRIPS haipaswi kuzuia nchi kulinda afya ya watu wake.

Mambo yakageuka 2008. Sheria ya Kupambana na Bidhaa Ghushi ilieleza "ghushi" kwa upana kiasi kwamba dawa halali za jenereki zingeweza kukamatwa. TRIPS haikudai hivyo! Wakenya watatu wanaoishi na virusi wakaenda kortini. Aprili 2012 Jaji Mumbi Ngugi akaamua kwamba vifungu husika vilihatarisha haki yao ya kuishi.

Kwa lugha yetu, mkataba ni maelezo ya kazi tu: unakwambia programu lazima itoe nini, haukuandikii kila mstari. Mwaka 2001 tulitumia nafasi tuliyoachiwa. Mwaka 2008 tuliongeza masharti ambayo mteja hakuyaomba, na wagonjwa ndio wangeyalipia. Kwa hiyo mtu akikwambia "sheria za kimataifa zinatulazimisha," muulize: kifungu gani?