Fuwele: maana na matumizi yake

fuwele *nm* [i-/zi-]. Kitu yabisi ambacho atomu, ioni au molekuli zake zimejipanga kwa utaratibu unaojirudia katika urefu, upana na kina. Mifano: chumvi ya mezani, sukari, mrututu, almasi.

Fuwele, kioo na bilauri. Maneno haya hayabadilishani nafasi. Bilauri limetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya fuwele, lakini katika Kiswahili hutaja chombo cha kunywea. Kioo nacho, ingawa ni kigumu na hupenyeza mwanga, si fuwele, kwa kuwa atomu zake hazina mpangilio unaojirudia. Mfasiri anayeandika “kioo cha chumvi” hupotosha maana kabisa. Aandike “fuwele ya chumvi”.

Umbo na muundo. Umbo ni sura ya nje. Muundo ni mpangilio wa ndani. Chumvi iliyosagwa hupoteza umbo la mchemraba linaloonekana kwa macho, ilhali muundo wa kila chembe yake hubaki vilevile. Almasi na grafiti ya penseli zote ni kaboni. Kinachozitofautisha ni muundo. Katika almasi kila atomu imeungana na nyingine nne pande zote, ndiyo maana ni ngumu mno. Katika grafiti kila atomu imeungana na tatu, zikafanya matabaka yanayoteleza na kuacha alama karatasini.

Jinsi muundo ulivyojulikana. Mwaka 1912, mjini Munich, Walter Friedrich na Paul Knipping, wakifuata wazo la Max von Laue, walipitisha eksirei katika fuwele ya mrututu, yaani salfeti ya shaba. Miale ilitawanyika na kuacha madoa yaliyopangika kwenye bamba la picha, ishara kwamba ndani ya fuwele mna utaratibu. Mwaka uliofuata, Lawrence Bragg wa Uingereza alitumia njia hiyo kueleza muundo wa chumvi. Laue alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia ya mwaka 1914. Bragg na baba yake, William, waliipata ya mwaka 1915.

Tanbihi kwa walimu. Kazi ya Bragg ina funzo la lugha pia. Katika fuwele ya chumvi kila ioni ya sodiamu imezungukwa na ioni sita za kloridi, na kila ya kloridi na sita za sodiamu. Hakuna jozi iliyojitenga. Kwa hiyo usemi “molekuli ya chumvi” haufai kwa chumvi yabisi. Semeni “ioni za chumvi” au “fuwele ya chumvi”. Kwa sukari, “molekuli” ni sahihi, kwa sababu fuwele yake hujengwa kwa molekuli kamili.

Linganisha: madini, kito, yabisi.