Mwalimu Aliyeendesha Gari la Timu

Phil Jackson anajulikana kwa ubingwa 11 wa mpira wa kikapu Marekani akiwa mwalimu: mara 6 na Chicago Bulls, mara 5 na Los Angeles Lakers. Wachache wanajua alikoanzia.

Mwaka 1983 alikabidhiwa Albany Patroons, timu ya ligi ndogo iliyoitwa CBA. Fedha zilikuwa haba. Katika safari za ugenini Jackson mwenyewe alishika usukani. Msaidizi wake, Charley Rosen, mwandishi wa vitabu, ndiye pia aliyeinama kuwafunga wachezaji bandeji vifundoni. Wachezaji nao walilipwa sawa, asiwepo wa kumwonea mwenzake kijicho. Mwaka 1984 wakatwaa ubingwa wa ligi yao.

Katika utumishi serikalini nimewaona vijana wenye shahada wakinung'unika kwa kupangiwa wilaya za mbali. Nami nilinung'unika. Lakini ofisi ya watu wawili humfundisha mtu kazi za watu watano. Wadogo zetu mlioko madarasani, mkipangiwa mahali padogo, nendeni. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.