Dinacharya

Dinacharya ni taratibu ya siku iliyowekwa na Ayurveda, elimu kongwe ya utabibu wa Bara Hindi, kwa ajili ya siha ya mwili na utulivu wa nafsi. Tabibu Vagbhata, katika kitabu chake Ashtanga Hridaya, ameitengea sura nzima: mtu aamke kabla ya alfajiri, asafishe meno, ajisugue mafuta, aoge, wala asile kabla chakula kilichotangulia hakijasagika tumboni. Taamuli inayoongezwa katika taratibu hii asili yake ni yoga. Walakini Charaka Samhita, ingawa ni kitabu cha tiba, chaieleza yoga kuwa ni kuituliza akili ndani ya roho hata maumivu yakakoma, jambo ambalo wadhanio Ayurveda kuwa dawa za mizizi tu hulisahau. Tabia tatu za mwili katika Ayurveda, vata, pitta na kapha, zakaribiana na tabia nne, damu, balghamu, safura na sauda, za matabibu wa Lamu na Unguja, waliorithi tiba ya Kiyunani kwa njia ya Waarabu.