Ulimi wa Bombay

Ukifika Kaole, jirani na Bagamoyo, usiishie kutazama makaburi tu. Juni 1857 Burton na Speke waliteremka hapo waende bara. Speke Kiswahili hakijui! Mkalimani wake alikuwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa Kilwa utotoni akajifunza Kihindustani huko India. Agosti 1858 Speke alipofika Ziwa Nyanza, maswali yake yalipitia kinywani mwa Bombay. Burton, aliyebaki Tabora, akabeza: eti Kihindustani cha Speke kibovu, na Bombay kakivuruga zaidi. Lakini mwaka 1862 wote wawili wakauona mto Naili ukitoka ziwani. Riwaya yangu, nikijaliwa, itaanzia Kilwa: mtoto sokoni, Kihindustani hajui hata neno.