Ndiva za Upare: maji ya chini ya ardhi yalipogawanywa kwa zamu

Ukitaja maji ya chini ya ardhi, wengi wetu tunawaza kisima kirefu na pampu. Lakini kwenye milima ya Upare Kusini, wilayani Same, watu wamelima kwa maji hayo kwa vizazi vingi bila kuchimba kisima. Waliyapokea pale yanapotoka yenyewe, kwenye chemchemi.

Chukua Mamba, upande wa mashariki wa milima hiyo, juu ya bonde la Mkomazi. Miamba ya Upare ni ya kale na migumu, haina nafasi nyingi za kuhifadhi maji kama mchanga wa pwani. Maji hukaa kwenye nyufa na kwenye tabaka la juu lililolainika. Mvua ikinyesha, sehemu yake huzama humo, halafu hutoka polepole hata mvua ikishakatika.

Tatizo ni hilo "polepole". Maji kidogo yakiachwa kwenye mfereji mrefu wa udongo, hunywewa na ardhi kabla ya kufika shambani. Dawa yake ikawa ndiva, yaani bwawa dogo la kukinga maji usiku na kuyafungulia asubuhi kwa nguvu. Tupige hesabu: chemchemi ya lita 2 kwa sekunde, ikikingwa saa 12 za usiku, inatoa lita 86,400. Hapo unamwagilia kitu.

Ndiva nyingi zilisimamiwa na koo zilizozijenga. Mifereji ilisafishwa kwa msaragambo, na maji yaligawanywa kwa zamu. Kiangazi kikibana, zamu zinabadilishwa. Kwa maneno mengine, watu walikuwa wanapima hazina ya chini ya ardhi kila siku, kipimo chao kikiwa kina cha bwawa asubuhi.

Baada ya Uhuru mambo yakabadilika. Mamlaka ya machifu yalifutwa mwaka 1963, na miaka ya 1970 serikali ya kijiji ikachukua nafasi kubwa. Sheria ya maji ya 1974, na baadaye ya 2009, zikaleta vibali. Leo maji ya Mamba yako chini ya Bonde la Pangani. Zamu ya ukoo na kibali cha serikali vikawa vinatembea sambamba, na mara nyingine haviongei.

Sayansi nayo ilifika. Miaka ya 2000 watafiti walipima mito ya Makanya, upande wa magharibi wa milima hiyo hiyo. Maji ya mvua yana chumvichumvi kidogo. Yaliyokaa ardhini yana zaidi. Kwa kulinganisha, waligundua kwamba hata mto ukijaa kidogo baada ya mvua, zaidi ya asilimia 90 ya maji yake yametoka ardhini. Tarehe 1 Machi 2006 ilinyesha mvua ya zaidi ya milimita 100 ndani ya saa chache. Mafuriko yakapita, lakini mtiririko wa kawaida ukabaki juu kuliko mwanzo. Ardhi ilikuwa imeweka akiba.

Sasa tuseme chuo kinajengwa Mamba: wanafunzi 1,000, kila mmoja lita 50 kwa siku. Hizo ni lita 50,000, zaidi ya nusu ya ndiva yetu ya mfano. Mhandisi atachimba kisima, atapampu siku kadhaa, ataona maji yanarudi, ataandika "yanatosha". Lakini jaribio hilo linapima kisima tu. Kama nyufa zinaungana, chemchemi iliyo chini inaweza kupungua miezi kadhaa baadaye, wakati ripoti imeshafungwa.

Kwa hiyo modeli ya kompyuta ya eneo kama hili lazima iweke chemchemi na ndiva kama milango ya kutokea maji, na vipimo vyake vichukuliwe masika na kiangazi. Wa kumuuliza kwanza ni mgawa zamu, kwa sababu ndiye anayejua bwawa lilijaa hadi wapi mwaka ule wa ukame. Asipoulizwa, hesabu itaonyesha maji ya ziada ambayo kumbe tayari yana mwenyewe.