Mmea wa Chumvini

Ukitoka Nanyuki kwenda Isiolo, unapita Timau kwenye mashamba ya ngano na shayiri, kisha barabara inateremka hadi nchi kavu. Huko kando ya Ewaso Ng'iro mvua ni haba na jua ni kali: maji yanakauka, chumvi inabaki udongoni. Hata hivyo miswaki na mikoma inastawi.

Mmea unaoota, ukakua na kuzaa mbegu penye takriban gramu 12 za chumvi kwa lita moja ya maji, yaani theluthi ya chumvi ya bahari, wataalamu huuita halofaiti. Neno limetokana na Kigiriki, hals chumvi na phyton mmea. Ni kama asilimia 1 tu ya mimea duniani inayofikia kipimo hicho.

Tafsiri inayokuja upesi ni "mmea unaostahimili chumvi". Siikubali. Shayiri ya Timau nayo huistahimili kuliko mahindi, lakini haikuumbiwa penye chumvi. Tazama kichaka cha Suaeda monoica ufukweni mwa Ziwa Turkana. Jani lake ni nene na dogo. Liminye, linatoa maji ya chumvi. Udongo wa chumvi huyazuia maji yasiingie mizizini, kwa sababu maji hufuata palipo na chumvi zaidi. Basi kichaka hiki hujiwekea chumvi yake, kikaifungia katika vifuko vya ndani ya seli isiudhuru uhai wake, na mizizi ikapata nguvu ya kuvuta maji. Chumvi ya kiasi hata hukinenepesha. Nyasi ya Sporobolus spicatus, huko Amboseli, huitema kwa tezi za majanini mpaka jani linabaki na punje nyeupe. Mchu wa pwani hufanya vivyo hivyo, ilhali mkoko huizuia sehemu kubwa mizizini.

"Mmea wa chumvi" nao ungepotosha: Waluhya huchoma matete wakapata munyu, yaani chumvi, kwenye majivu, na jina hilo lingefaa matete hayo. Mimi nasema mmea wa chumvini, kama tusemavyo wanyama wa majini. Hiyo -ni inataja makao.

Tofauti hii ina uzito. Mwaka 1973 Western na Van Praet waliandika katika jarida la Nature kwamba maji ya ardhini Amboseli yalipanda na kuinua chumvi hadi mizizi ya migunga ya gome la njano. Tembo pia walichangia kuiangusha. Migunga ikafa, na sehemu kubwa ya nafasi yake ikachukuliwa na mimea ya chumvini.